Tangi likigeuka kijani, anza na mwanga

Mtu akilalamika kwamba tangi lake la samaki limejaa mwani, ushauri anaopewa haraka ni kununua dawa. Naupinga. Dawa inaua mwani wa leo, lakini kilichouleta kinabaki palepale, na muda si mrefu utando unarudi. Kwa huku kwetu Mtwara na Lindi cha kushughulikia kwanza ni mwanga, na mwanga wenyewe unaanzia dirishani.

Tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kisha hadi Februari huhamia kusini. Ndiyo maana tangi lililo jirani na dirisha la kusini linakuwa safi Agosti, halafu Desemba linachafuka bila mwenyewe kubadilisha chochote. Dirisha la magharibi ndilo baya kuliko yote, maana linaleta na joto la alasiri. Weka tangi kwenye ukuta wa ndani. Ikishindikana, bandika karatasi nyeusi kwenye kioo kinachotazama dirisha.

Sasa taa. Mimea isiyo na makuu kama anubiasi na valisneria inatosheka na lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 10 hadi 20 kwa kila lita. Tangi la lita 60 basi linahitaji lumeni 600 hadi 1,200, na balbu ya kawaida ya LED ya wati 9, iliyoandikwa 6500K, yaani mwanga mweupe kama wa mchana, hutoa kama 800. Anayefunga taa ya wati 30 bila mbolea wala gesi ya kaboni dayoksaidi anafuga mwani, mimea ni kisingizio tu. Mwanga ukiwa mkali mmea unataka kukua haraka. Nitrati, potasiamu au kaboni ikipungua unakwama, majani ya chini yanaoza, na mwani unakula kilichobaki.

Tangi jipya liwashiwe taa kwa muda wa saa 6 tu. Mimea ikishashika, ongeza nusu saa kila wiki, usivuke saa 8. Tumia taima, ila angalia aina yake: ile ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukikatika. Kama uliipanga iwashe saa 10 jioni na umeme ukakatika kwa saa 3, itawasha saa 1 usiku, na itaendelea hivyo kila siku mpaka uirekebishe. Ya dijitali yenye betri haina shida hiyo.

Si kila utando unatibiwa sawasawa. Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya futa kwa sponji, huisha lenyewe baada ya wiki chache. Vishungi vyeusi kwenye kingo za majani, kata jani zima. Utando mzito wa kijani-buluu unaonuka ni bakteria: unyonye kwa mpira, halafu ongeza mzunguko wa maji.

Maji yenyewe yakiwa kijani kama supu ya mchicha, hapo zima taa kabisa. Badilisha nusu ya maji, funika tangi kwa blanketi zito pande zote na juu, kwa siku 4 kamili, bila kuchungulia. Samaki wakubwa hawatakufa kwa njaa. Pampu ya hewa isizimwe hata dakika: mwani unaokufa hutumia oksijeni, na maji ya nyuzi joto 29 au 30 tayari yana oksijeni kidogo. Wengi wanapoteza samaki hapa, halafu wanalaumu giza. Siku ya kufunua, badilisha nusu nyingine ili kutoa amonia, sumu inayotokana na mwani uliooza. Maji ya bomba yenye klorini yalaze kwanza usiku mzima kwenye ndoo iliyo wazi.

Mimea inayoelea ni msaada mkubwa, inatia kivuli na kunyonya nitrati. Lakini ukiitoa bwawani, kumbuka mikoa hii ina kichocho. Vaa glavu ndefu za mpira, ng'oa kila konokono, kisha iache mimea kwenye ndoo ya maji safi siku kadhaa huku ukiikagua. Viluwiluwi vya kichocho, vijidudu vinavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi, visipompata mtu hufa ndani ya siku mbili tatu, ila konokono mmoja mwenye maambukizi aliyejificha chini ya jani anaweza kuvitoa kwa wiki kadhaa.