The Karate Kid ya 2010 inastahili kupimwa kwa haki

Filamu ya zamani ikitangazwa tu kwamba inatengenezwa upya, hukumu hutoka kabla hata haijaonyeshwa: wameiharibu. Siikubali hukumu hiyo. Lakini siwakubali pia wanaosema kila filamu itazamwe peke yake, ile ya zamani isitajwe kabisa. Ukichukua jina la mwenzako na hadithi yake, umekubali kupimwa naye. Kinachonisumbua mimi ni vitu tunavyovipima.

Chukua The Karate Kid. Ya 1984 iliongozwa na John G. Avildsen, yule yule aliyeongoza filamu ya Rocky. Daniel, kijana aliyehamia California na mama yake, anaonewa na wenzake, kisha fundi wa matengenezo wa pale wanapopanga, Mzee Miyagi, anamfundisha karate. Ya 2010 inamtoa Dre, mtoto wa miaka 12, Detroit na kumpeleka Beijing, na mwalimu wake ni Bwana Han, yaani Jackie Chan.

Watu wamebishana sana juu ya jina, kwamba karate ni ya Okinawa, Japani, na katika ya 2010 kinachopigwa ni kung-fu ya Kichina tupu. Ni kweli, lakini hilo ni la studio na biashara yake. Nani amewahi kulia kwa sababu ya jina la filamu?

Tupime mafunzo. Miyagi alimtia Daniel kazini: ang'arishe magari kwa nta, apige msasa sakafu, apake rangi uzio, kisha nyumba. Kijana anachoka, anafoka kwamba amefanywa mtumwa. Hapo mzee anaanza kumrushia ngumi, na mikono ya Daniel inakinga yenyewe. Ukirudia tukio hilo kama lilivyo, umekwisha, maana dunia nzima inajua linaishia wapi. Waliotengeneza ya 2010 walikwenda kuchimba kwa Dre mwenyewe. Mwanzoni tunamwona akilitupa jaketi lake sakafuni huku mama yake akimgombeza aliokote. Han anashika palepale: vaa jaketi, livue, litupe chini, liokote, liangike, litoe, vaa tena. Siku baada ya siku, mvua ikinyesha. Siri ikifichuka, mtoto amepata kinga na pigo, na mama yake amepata mtoto mwenye heshima. Hapo nawavulia kofia. Walielewa kwa nini tukio la kwanza lilifanya kazi, wakalijenga upya kwa mbao zao wenyewe.

Fainali ya mashindano, pale filamu zote mbili zinapoishia, sikuipenda katika ya 2010. Daniel anasimama kwa mguu mmoja kwa sababu ule mwingine umeumizwa, na pigo lake ni rahisi kiasi kwamba watoto wamelijaribu uani miaka yote hii. Dre anaruka, anapinduka hewani. Unashangaa, basi.

Ila pengo lenyewe liko kwenye huzuni ya mwalimu. Usiku mmoja Daniel anamkuta Miyagi amelewa, amevaa sare za jeshi la Marekani, anaadhimisha ndoa yake. Kijana anasoma karatasi za mzee na kugundua kwamba mkewe na mtoto wao walifia uzazini katika Manzanar, moja ya kambi ambamo Marekani iliwafungia watu wenye asili ya Kijapani kama yeye, wakati yeye yuko vitani akiipigania nchi iliyowafungia humo. Zaidi ya watu 110,000 waliwekwa kwenye kambi hizo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Pat Morita, aliyeigiza Miyagi, alikuwa mmoja wa watoto waliopitia humo. Aliteuliwa kuwania Oscar, na nadhani ni usiku ule uliompeleka huko. Filamu ya vijana wanaopigana inasimama, inakwambia kitu kuhusu Marekani, halafu inaendelea.

Han naye anakutwa usiku, analivunja kwa nyundo gari alilolitengeneza kwa mikono yake. Ndilo lililowaua mkewe na mwanawe, yeye akiwa dereva. Jackie Chan tuliyemzoea akiruka na kuchekesha anakaa ndani ya gari hilo na kulia, na mimi nilimwamini kabisa. Dre hamwambii neno. Anamletea mafimbo ya mazoezi, anamvuta asimame, wanaanza kufanya mazoezi pamoja. Mtoto ndiye anayemwinua mwalimu, jambo ambalo halimo katika ya 1984, na nalihesabu kuwa faida yao.

Lakini msiba wa Han ungeweza kumpata mtu yeyote, mji wowote. Wa Miyagi ulikuwa na nchi nyuma yake, na serikali, na waya wa seng'enge. Wamempeleka mtoto wa Detroit hadi Beijing, mji uliopita katika vita na mapinduzi, na wazee wake wana ya kusimulia. Wakaliacha lote hilo, wakachagua ajali ya barabarani.