Alisema Nini, Alipiga Kura Gani: Tunavyompima Mbunge Uganda

Julai 2018, dada mmoja mwenye kibanda cha pesa za simu pale Kisenyi, Kampala, alinifungulia daftari lake. Kabla ya tarehe 1 ya mwezi ule kurasa zilikuwa zimejaa majina na tarakimu kutoka juu hadi chini. Baada ya hapo mistari ilikuwa ya kuhesabika. Kodi mpya ya asilimia 1 ilikuwa imeanza kukatwa, uwe unaweka pesa, unatoa au unatumiwa. Mtu wa kutoa shilingi 500,000 aliiachia serikali 5,000 kabla hajagusa ada ya kampuni, kwa hiyo wateja wengi waliona heri wapande taksi wapeleke pesa wenyewe, mkononi. Wiki ileile mbunge wa kwao, ambaye jina lake na jimbo lake nayaacha, alikuwa amesimama msibani akasema kodi ile aliipinga kwa nguvu zake zote.

"Kaka," akaniambia, "wewe Kiingereza unakisoma. Nitafutie kama ni kweli."

Nilitafuta kwenye Hansadi, ile kumbukumbu inayoandika kila neno linalosemwa bungeni. Mheshimiwa nilimkuta. Alikuwa amesimama na kusema maneno mazuri kuhusu wanyonge na mawakala wadogo. Kura yake ndiyo sikuiona. Mwisho wa mjadala palikuwa na mstari mmoja tu, wa kusema kwamba Bunge liliulizwa na likakubali. Waliokubali ni akina nani, karatasi haikusema. Nilirudi Kisenyi nikamwambia ukweli: alisema, lakini alivyopiga kura sijui, na huenda hakuna anayeweza kukuthibitishia. Akafunga daftari.

Tangu siku ile nimekuwa nikibishana na wenzangu juu ya jambo hili moja. Mbunge apimwe kwa anayoyasema ukumbini, au kwa kura anayopiga?

Kwanza tuelewane jinsi kura zenyewe zinavyopigwa. Miswada mingi hupita kwa kura ya sauti. Spika anauliza, wanaokubali wanaitika, wanaokataa wanaitika, naye anaamua upande upi umevuma zaidi. Majina hutajwa pale Katiba inapoguswa, ambapo theluthi mbili ya wabunge wote wanahitajika kwenye kusomwa mara ya pili na mara ya tatu, au pale wabunge wenyewe wanaposhikilia kwamba kura zihesabiwe. Kwa mambo ya kila siku, kodi ikiwemo, maneno yanahifadhiwa yote na kura inapotea hewani.

Wanaosema kura ndiyo kipimo wana siku moja wanayoishika mkononi kama ushahidi, tarehe 20 Desemba 2017. Mswada wa Raphael Magyezi, mbunge wa Igara Magharibi wakati ule, ulitaka kufuta kifungu kilichozuia mtu mwenye miaka zaidi ya 75 kugombea urais. Miezi mitatu kabla, Septemba, wabunge walirushiana viti na watu wa usalama wakaingia ukumbini. Oktoba kila mbunge aliwekewa shilingi milioni 29 za kwenda kuwauliza wananchi maoni, na wachache wakazirudisha. Mitaani vitambaa vyekundu vilifungwa vichwani na neno Togikwatako, yaani "usiiguse" kwa Kiluganda, likawa kwenye kila kinywa. Ilipofika saa ya kupiga kura hapakuwa na pa kujificha: jina linaitwa, mtu anajibu. 317 wakakubali, 97 wakakataa, wawili hawakuegemea upande wowote.

Orodha ile ina thamani kubwa kuliko hotuba mia. Mwananchi wa Kasese au Soroti anaweza kuisoma leo na kumpata mtu wake, bila kutafsiriwa mafumbo. Na tusisahau kwamba katika mswada uleule wabunge walijiongezea muda kutoka miaka mitano hadi saba. Mahakama ya Katiba ilipokaa Mbale, Julai 2018, iliifuta nyongeza hiyo na kukiacha kifungu cha umri kibaki kimeondolewa, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo mwaka 2019, majaji wanne dhidi ya watatu. Ningependa kumwona mbunge aliyehubiri utawala bora miaka yake yote bungeni akieleza kwa nini siku ile aliitikia miaka miwili ya bure.

Mimi niko karibu na upande huu, wala sifichi. Hata hivyo orodha nayo ina udanganyifu wake.

Siku mbili kabla ya kura ile wabunge sita wa upinzani, akiwemo Ibrahim Ssemujju Nganda wa Kira, walisimamishwa wasihudhurie vikao. Ukiisoma orodha bila kujua hilo utasema hawakuwepo, kama vile walikwenda kutembea. Jina lisiloonekana huenda ni la aliyekimbia lawama, huenda ni la mgonjwa, huenda ni la aliyefungiwa mlango. Mei 2025, ulipoletwa mswada wa jeshi uliorudisha njia ya kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi, miezi michache baada ya Mahakama ya Juu kulikataa jambo hilo Januari, wabunge wa upinzani walitoka nje wakisema hawataki kuubariki kwa kukaa. Nawaelewa. Lakini "hapana" yao haikuingia kwenye hesabu, na mjukuu wao akitafuta miaka 30 ijayo atakuta nafasi tupu.

Kuna na udanganyifu wa idadi. Novemba 2024 mswada wa kuivunja mamlaka ya kahawa, UCDA, na kuirudisha kazi yake wizarani ulipita kwa kura 159 dhidi ya 77, katikati ya ngumi na wabunge waliotolewa nje. Jumlisha: ni watu 236. Bunge la 11 lilianza na wabunge 529. Zao ambalo Buganda imelipigia debe mashambani kwa miaka, kwa kampeni ya Emmwanyi Terimba, liliamuliwa na chini ya nusu ya waliochaguliwa. Hao wengine tunawapima kwa kura gani?

Sasa upande wa maneno. Nilikuwa nikiudharau, nikidhani hotuba ni ya redio tu, mpaka niliposoma kilichotokea tarehe 20 Desemba nyingine, ya mwaka 2013. Bunge lilikuwa linapitisha sheria dhidi ya ushoga. Waziri Mkuu Amama Mbabazi alisimama akasema akidi haijatimia, theluthi moja ya wabunge haimo ukumbini. Spika Rebecca Kadaga aliendelea na kazi na sheria ikapita. Tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba iliifuta, si kwa yaliyomo ndani yake, bali kwa sababu akidi ilitiliwa shaka na Spika hakuhesabu watu. Ushahidi ulitoka wapi? Kwenye Hansadi. Sentensi chache za mtu aliyesimama, ambazo Spika alizipuuza, ziliangusha sheria nzima miezi saba baadaye. Kura yenyewe haikuacha alama yoyote ya kupimia.

Mmoja wa waliokwenda mahakamani katika kesi ile ni Fox Odoi-Oywelowo, wa chama tawala. Sheria hiyo iliporudi bungeni 2023 na ukumbi karibu wote ukaitikia, yeye alikuwa mmoja wa walioandika ripoti ya wachache kuipinga. Wapo wengi Uganda wanaompinga katika hilo, na wana haki yao. Ninachokitaja hapa ni jinsi anavyopimika: alilosema, alilotia sahihi na alivyopiga kura vilikaa mstari mmoja kwa miaka tisa. Wangapi tunaweza kusema hivyo juu yao, wawe upande ule au huu?

Halafu kuna hesabu rahisi ya upinzani. Cecilia Ogwal alikaa bungeni tangu 1996 mpaka alipofariki Januari 2024. Ukimpima kwa kura alizoshinda utapata kidogo sana, kwa kuwa upande wake ulikuwa mdogo siku zote. Kazi yake ilikuwa kusimama, kuuliza na kulazimisha jibu liandikwe. Kumwambia mbunge wa aina hiyo alete kura zake ni kama kumuuliza mlinzi wa usiku amevuna magunia mangapi.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni ya wale wanaosema majina yakitajwa kila mara tutawachinjia baharini wabunge wenye dhamiri. Mfano wao ni mzito. Aprili 2013 chama tawala, NRM, kiliwafukuza wabunge wake wanne, Theodore Ssekikubo, Wilfred Niwagaba, Barnabas Tinkasiimwe na Muhammad Nsereko, kwa kukaidi msimamo wa chama. Februari 2014 Mahakama ya Katiba ikasema waondoke bungeni, na kesi ikaburutwa mpaka Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ilipowapa haki. Miaka miwili na nusu mtu anaishi hajui kama kiti ni chake. Nani atathubutu kusema hapana kwa jina lake, akijua kiranja wa chama, yule anayehakikisha wabunge wanafuata msimamo wa chama, ameshika kalamu?

Nimelitafakari hilo sana, na kila nikilirudia naona linaegemea upande mwingine. Kiranja anakaa ukumbini humo humo. Anaona nani amefungua kinywa, nani ametazama simu, nani ametoka kwenda kunywa chai Spika alipouliza. Chama kinajua, na Ikulu itaambiwa. Katika kura ya sauti asiyejua ni mtu mmoja tu, yule dada wa Kisenyi. Wale wanne hawakuokolewa na ukimya wa kura ya sauti. Walifukuzwa ingawa miswada mingi ya miaka ile ilipita bila majina. Kwa hiyo siri tuliyonayo haimkingi mbunge dhidi ya mkubwa wake, inamkinga dhidi ya mpiga kura wake.

Kama kweli tunataka kulinda dhamiri, basi iwe kura ya siri kamili, ya karatasi na sanduku, ambayo hata kiranja haioni. Hiyo naielewa kwa kumchagua Spika. Kwa kodi siielewi, kwa sababu anayelipa ana haki ya kujua nani amemtoza. Na haki hiyo ina uzito zaidi kwetu kwa vile hatuna njia ya kumwita mbunge nyumbani kabla ya wakati. Katiba ina ibara ya 84 ya kumwondoa mbunge asiyefaa, ila tangu marekebisho ya 2005 inafanya kazi chini ya mfumo wa Movement peke yake, ule usio na vyama vingi, na mfumo huo tuliuacha mwaka uleule. Ukimkosea kumchagua, unakaa naye miaka mitano, isipokuwa akose vikao 15 bila ruhusa ya Spika au apotee kwa sababu nyingine za kisheria.

Nikiri pia kwamba yapo yasiyoonekana kwenye hotuba wala kwenye kura. Zile shilingi bilioni 1.7 za tuzo ya utumishi walizogawiwa makamishna wanne wa Bunge mwaka 2022, mmoja wao akiwa Kiongozi wa Upinzani wa wakati huo, zilikuja kujulikana kwa wananchi 2024. Kazi ya kamati nayo, kule kwenye vyumba vidogo wanakohojiwa makatibu wakuu, ina wabunge wanaochoka sana na kusikika kidogo. Kipimo chochote kitawaonea hao.

Na kuna lugha. Kampeni hupigwa kwa Kiswahili, Kiluganda, Kisamia, Kiateso, Kilugbara. Mjadala na Hansadi ni Kiingereza. Kiswahili kimetajwa katika Katiba tangu 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, katika mazingira ambayo Bunge litayawekea sheria, na 2022 Baraza la Mawaziri likalikubali tena hilo. Kumbukumbu za Bunge bado hazijaguswa. Hotuba ya kurasa tatu kumtafsiria mtu ni kazi ya jioni nzima. Ndiyo au hapana inasomeka na yeyote. Kwa nchi yenye lugha nyingi kama yetu hiyo pekee inanitosha kudai kwamba miswada ya kodi na ya mikopo ya nje ipigiwe kura kwa majina, na orodha ibandikwe makao makuu ya kila wilaya kabla ya juma kwisha.

Kodi ile ya pesa za simu ilirudishwa bungeni 2018 hiyohiyo, ikapunguzwa hadi asilimia 0.5, tena kwa kutoa pesa tu. Dada alisikia kwenye redio. Nilipopita kibandani kwake alinionyesha ukurasa wa nyuma wa daftari, alipokuwa amepiga mistari ya safu tatu kwa rula: tarehe, alichosema, kura yake. Safu ya pili aliijaza mwenyewe, kwa yale aliyoyasikia misibani na redioni. Ya tatu ilikuwa na neno moja, la tarehe 20 Desemba 2017, nililomsomea mimi kutoka kwenye orodha ya majina. Chini yake palikuwa peupe.