Timu Ina Wenyewe: Maoni ya Mpemba Aliyeko Hamburg

Ukimuuliza kijana wa Wete, Chake au Mkoani timu ya mtaani kwao ni ya nani, atakujibu bila kufikiri kwamba ni yetu. Muulize tena nani aliyelipa nauli ya boti timu ilipovuka kwenda Unguja kucheza, nani aliyenunua jezi, nani aliyeamua kocha aondoke katikati ya msimu. Hapo litatajwa jina la mtu mmoja, na pengine mtu huyo hata mechi haji kuangalia. Hilo ndilo linaloniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu ninaishi Hamburg, Ujerumani, mji ambao watu wake hawataki kabisa kusikia kwamba klabu ina bwana mmoja.

Timu ninayoifuata hapa ni St. Pauli, klabu ya mtaa ulio karibu na bandari, iliyoanzishwa mwaka 1910. Haijawahi kuchukua ubingwa wa Ujerumani wala kombe la taifa. Lakini ni chama cha wanachama, hivyo hivyo mpaka leo. Unajaza fomu, unalipa ada, unapewa kadi, na kadi ile ina kura. Tajiri akijiunga naye ana kura moja, sawa na yangu mimi ninayefanya kazi ya kupakia mizigo ghalani. Mwaka 2007 wanachama walikaa kwenye mkutano mkuu wakaamua kwamba jina la uwanja wao, Millerntor, lisiuzwe kwa kampuni yoyote. Klabu nyingi za Ujerumani zimeuza majina ya viwanja na kupata fedha nzuri. Hawa walizikataa, na viongozi wakatii.

Halafu mwishoni mwa mwaka 2024, klabu ikiwa bado inabeba madeni ya wakati wa korona, uongozi haukwenda kumpigia magoti mwekezaji. Uliunda ushirika. Hisa moja iliuzwa euro 750, na juu yake euro 100 za gharama. Walionunua ni zaidi ya watu 21,000, zikakusanywa zaidi ya euro milioni 29, na ushirika ukachukua sehemu kubwa ya umiliki wa uwanja. Mwenye hisa moja na mwenye hisa kumi, kila mmoja ana kura moja. Najua euro 850 ni zaidi ya shilingi milioni mbili za kwetu, na sisemi tuuze hisa za bei hiyo Pemba. Ninachowaomba mkitazame ni kwamba walipokwama, mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa shabiki.

Nchi nzima ina kanuni inayolinda jambo hili. Kabla ya mwaka 1998 klabu zote za Ujerumani zilikuwa vyama tu. Mwaka huo zikaruhusiwa kuiweka timu ya wakubwa ndani ya kampuni na kuuza hisa, kwa sharti kwamba chama kibaki na nusu ya kura na moja juu yake. Ndiyo maana Bayern Munich, pamoja na utajiri wake wote, asilimia 75 ni ya chama cha wanachama, na Adidas, Audi na Allianz zinagawana robo iliyobaki. Wapo waliosamehewa kanuni hiyo, kama Leverkusen ya kampuni ya dawa ya Bayer na Wolfsburg ya Volkswagen. Na ipo Leipzig, iliyoundwa mwaka 2009, ambayo inafuata maandishi ya kanuni lakini wanachama wake wenye kura ni wachache mno. Mashabiki wa klabu nyingine hawajaisamehe mpaka leo, na mimi niko pamoja nao.

Desemba 2023 klabu 36 za madaraja mawili ya juu zilipiga kura kumkabidhi mwekezaji sehemu, isiyozidi asilimia 8, ya mapato ya haki za matangazo kwa miaka 20. Zilihitajika kura 24, zikapatikana 24 kamili. Chama cha wanachama cha klabu ya Hannover kilikuwa kimemwagiza mwakilishi wake akatae, kura ikawa ya siri, na watu wengi hawakuamini kwamba alitii. Basi mashabiki wakaanza kurusha mipira ya tenisi uwanjani. Mechi zikawa zinasimama, wachezaji wanaokota, refa anasubiri, wiki baada ya wiki. Februari 2024 ligi ikauacha ule mpango. Nilikuwa nikiangalia mambo yale na kujiuliza ni lini mara ya mwisho shabiki wa kwetu kuulizwa chochote, hata rangi ya jezi.

Sitaki mtu adhani huku kila kitu kimenyooka. Katika mji huu huu iko klabu nyingine kubwa zaidi, HSV. Mwaka 2014 wanachama wake wenyewe walipiga kura, kwa wingi mkubwa, kuitoa timu kwenye chama na kuiingiza kwenye kampuni ya hisa. Tajiri wa mji, Klaus-Michael Kühne, akanunua hisa na kumwaga fedha. Mwaka 2018 timu ikashuka daraja, kwa mara ya kwanza tangu Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ianze mwaka 1963, na haikurudi mpaka 2025. Haikushuka kwa sababu ya tajiri peke yake, mpira una mambo mengi. Lakini watu wa hapa walijifunza kwamba fedha za mtu mmoja hazinunui busara.

Na kuna kitu ambacho huku sikipati hata nikilipa ada ya miaka ijayo yote. Hapa nina kura lakini simjui mchezaji hata mmoja. Kwetu nawajua wote, nawajua na baba zao, na kura sina. Kwetu beki wa kulia unamkuta msikitini alfajiri, unamwambia jana ulizidiwa mbio, naye anakueleza kwamba alikuwa na homa. Watoto wanakaa kwenye mstari wa uwanja wanasikia kocha anavyofoka. Mjerumani analipa pesa nyingi kutafuta ukaribu huo na haupati. Sisi tunao bure, ila hatukuujengea nyumba.

Tazameni ligi kuu yetu ya Zanzibar. KMKM ni ya kikosi cha kuzuia magendo, JKU ni ya jeshi la kujenga uchumi, Mafunzo ni ya magereza, kuna Zimamoto, KVZ ya kikosi cha valantia, Polisi, Uhamiaji. KMKM ilichukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023, kisha 2024 ukaenda JKU. Sizilaumu timu hizi hata kidogo. Kijana akisajiliwa huko anaweza kupata ajira, mshahara wa kila mwezi, na kiinua mgongo akistaafu. Mzazi gani wa Pemba atamwambia mwanawe akatae? Timu ya uraiani, isiyo ya kikosi chochote cha serikali, ikimtaka kijana huyo huyo ina nini cha kumpa zaidi ya sifa? Hapo ndipo tunaposhindwa, kabla hata mpira haujawekwa katikati.

Lakini mtaa hauwezi kuwa na kikosi cha serikali. Mtaa una timu za uraiani: Malindi, Mlandege na Miembeni kule mjini Unguja, Jamhuri na Mwenge pale kwetu Wete. Malindi ilikuwa bingwa wa Muungano mwaka 1989 na tena 1992. Mlandege ilichukua Kombe la Mapinduzi mwaka 2023, na 2024 ikalitetea kwa kuifunga Simba bao 1 kwa bila. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba timu ya uraiani haiwezi. Tatizo ni mwendo wake: mfadhili akiwepo inapanda, akichoka au biashara yake ikiyumba inashuka, na mashabiki wanabaki barazani wakimlaumu. Wanamlaumu mtu ambaye hawakumchagua, hawakumpa mkataba, na ambaye wao wenyewe hawajawahi kumsaidia hata shilingi.

Wapo watakaosema Simba na Yanga zimeshatuonyesha njia, wanachama asilimia 51 na mwekezaji 49. Ni kweli kwenye karatasi, na ni afadhali kuliko kuuza yote. Ila asilimia 51 ya wanachama wasiolipa ada na wasiofungua daftari la hesabu ina nguvu ndogo sana mbele ya mtu mmoja anayelipa mishahara. Nalisema hili pia kwa Wapemba wenzangu wenye kadi za klabu hizo mfukoni, wanaozilipia kila mwaka bila kukumbushwa, na timu ya mtaani kwao hawajui hata mweka hazina wake ni nani.

Kwani kuendesha chama cha fedha ni jambo geni kwetu? Waulizeni mama zetu wa vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wawepo. Fedha zinahesabiwa mbele ya kila mwanachama. Aliyechelewa anapigwa faini, aliyekopa anaandikwa, na mwisho wa mwaka kila mtu anajua chake. Mama asiyewahi kukaa skuli zaidi ya miaka michache anakumbuka salio la wiki iliyopita kwa kichwa. Hicho ndicho Wajerumani wanachokifanya kwenye mkutano mkuu, ila wao wana ukumbi mkubwa na vipaza sauti. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na klabu zetu ngapi daftari lake liko kwenye simu ya mtu mmoja?

Kwa hiyo mawazo yangu ni haya, na naomba yajadiliwe na watu walioko huko, kwa sababu wao ndio watakaoyabeba.

Watu 500 wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka ni milioni 6. Haziwezi kuendesha timu ya ligi kuu, tusidanganyane. Lakini zinaweza kubeba sehemu ya nauli za boti, mipira, na dawa ya misuli, na zaidi ya hapo zinabadilisha mazungumzo na mfadhili. Akija atakuta chama chenye fedha zake, hata kama kidogo, na watu 500 wenye haki ya kumuuliza. Kwa Pemba ningependa ada ilipwe msimu wa karafuu, wakati fedha zinapoonekana mikononi mwa watu. Kumdai mkulima ada ya mwaka katika miezi ya ukata ni kumfukuza.

Asiye na fedha alipe kwa kazi. Hili nimelichukua Berlin. Klabu ya Union Berlin ilipokuwa haina uwezo wa kuukarabati uwanja wake, mashabiki zaidi ya 2,000 waliingia wenyewe na koleo na saruji mwaka 2008 na 2009, wakafanya kazi saa kama 140,000 bila malipo. Miaka kumi baadaye timu ile ilipanda Bundesliga kwa mara ya kwanza, na uwanja ni ule ule. Vijana wetu wana mikono. Kukata majani, kupaka chokaa mistari, kujenga ukuta wa vyumba vya kubadilishia nguo, yote yaandikwe kwenye daftari kama ada iliyolipwa, na mwenye kuandikwa awe mwanachama kamili.

Jambo ambalo nalisisitiza kuliko mengine ni fedha za mfadhili. Siku anapozitoa iandikwe mbele ya mashahidi kama ni zawadi au ni mkopo. Kwetu mtu anatoa kwa furaha, anapigiwa makofi, kisha siku ya ugomvi zile fedha zinageuka deni, na deni linageuka ufunguo wa kuichukua klabu, jina na wachezaji wake. Katiba ya klabu iseme wazi kwamba hakuna mtu, kampuni wala familia itakayokuwa na zaidi ya nusu ya kura, na nakala yake ipelekwe kwa Mrajis wa vyama vya michezo ili asije mtu kuibadilisha usiku. Na wanawake waingie. Wanawake ndio wanaojua kushika sanduku, na hao ndio ningependa wawe waweka hazina wa kwanza.

Limebaki letu sisi tulioko nje. Hamburg tupo, London wapo wengi zaidi, Muscat na Dubai vilevile. Tukiitwa tunachanga, na mara nyingi tunachanga kwa fujo: mmoja anatuma jezi, mwengine anatuma viatu vya saizi isiyomfaa mtu, wa tatu anamtumia rafiki yake fedha ambazo timu haizioni. Ningependa tulipe ada kama mwanachama yeyote, iingie kwenye sanduku lile lile lenye kufuli tatu, na hesabu yake isomwe kwenye mkutano ule ule. Wapo wenzangu huku wanaoona kwamba kwa kuwa tunatuma euro tupewe nafasi zetu maalumu kwenye kamati. Nawapinga. Mimi siioni timu ikicheza, sijui kipa gani amechoka, na nyasi za uwanja nitazikuta nikija likizo. Kura moja inanitosha, na kama mkutano mkuu utaamua kwamba wa nje wasipige kura ya kumchagua kocha, hiyo nayo nitaikubali na ada yangu nitaendelea kuilipa.