Mistari Imejaa, Intaneti Hakuna

Jamani, mistari ya waifai imejaa pomoni, inakuchekea pale juu ya simu, halafu chini yake kuna maandishi ya aibu: "Imeunganishwa, hakuna intaneti." Imeunganishwa na nini sasa? Na ukuta?

Mnajua wenyewe kinachofuata. Nyumba nzima inageuka karakana. Mmoja anazima simu na kuiwasha, mwingine kainua ruta juu ya kabati kama anatafuta stesheni ya redio, na yule ambaye hajawahi kushika hata bisibisi anatangaza kwamba "mtandao umejaa". Hakuna anayeuliza hiyo mistari inapima nini. Inapima mawasiliano ya simu yako na lile boksi, basi! Boksi linaweza kuwa limetengwa na dunia nzima na bado likakugawia mistari minne, kama mwenyeji anayekukaribisha kwa bashasha sebuleni wakati jikoni hakuna hata moshi.

Sasa tuheshimiane. Taa za ruta ziliwekwa zisomwe, hazikuwekwa kupamba sebule. Kwenye boksi la faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, acha kuinyanyasa simu: mwanga haufiki. Fuata ule waya mwembamba. Utaukuta nyuma ya kabati umekunjwa kona kali kama mkeka, au mguu wa kiti umeukalia. Ndani yake ni kioo, ndugu zangu, na kioo kikikunjwa hivyo mwanga unavujia pembeni. Halafu kuna wale wa kuchomoa na kuchomeka wanavyojisikia. Kichwa cha kijani kimechongwa mshazari wa nyuzi 8, cha bluu hakina mshazari huo. Ukilazimisha kijani kwenye tundu la bluu kitaingia bila ubishi, ila mwanga mwingi utapotelea pale kwenye kiungo. Na usichungulie ncha ya waya kuona kama mwanga "unakuja". Huo mwanga macho hayauoni, lakini unaweza kuyadhuru.

Kama taa ya LOS haiwaki nyekundu, angalia tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, ambalo mara nyingi lina rangi yake peke yake. Mtu akifuta vumbi, waya wa kutoka kwenye modemu, lile boksi linalopokea laini ya kampuni, hurudishwa tundu lolote lililo wazi, na ruta hailalamiki. Inanyamaza tu.

Na mkiamua kupiga simu huduma kwa wateja, mkae kitako kabisa.

Kwanza muziki. Kisha bonyeza moja, bonyeza tatu, bonyeza nyota, muziki tena. Kisha sauti yenye adabu za msibani: "Ndugu mteja, umejaribu kuzima na kuwasha?" Unajibu kwa heshima kwamba ndiyo, kwa utaratibu: modemu kwanza, ukasubiri dakika mbili taa zitulie, ndipo ruta. "Naomba ujaribu tena, ndugu mteja." Unajaribu tena. Unamwambia umefungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, 192.168.1.1 kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, ukaingia hali ya WAN, na anwani inasoma 0.0.0.0, maana yake ruta haijapewa anwani na upande wao. Kimya. Unasikia karatasi zikipekuliwa. "Ndugu mteja, simu yako ina chaji?"

Ina chaji! Tunaongea kwayo!

"Sawa, ndugu mteja. Chukua pini, bonyeza kile kitundu kidogo cha nyuma kwa sekunde 10." Hapo ndipo, wapendwa, mtu mzima anapaswa kusema hapana. Kile kitundu hakiwashi upya, kinafuta. Kinafuta jina la waifai, neno la siri, na lile jina la mtumiaji la PPPoE, yaani la ruta kujitambulisha kwa kampuni ya intaneti, ambalo bila hilo ruta haiingii popote. Lakini sauti ina adabu, na mkono tayari una pini. Taa zote zinazimika, zinawaka, ruta imekuwa mtoto mchanga. "Sasa, ndugu mteja, weka jina la mtumiaji na neno la siri." Lipi? Lile mliloniambia nifute? "Usijali, tunakutumia kwa barua pepe."

Kwa barua pepe!

Kumbe pengine tatizo lilikuwa dogo. Ruta ingekuwa na anwani ya WAN, na ping (hodi ya majaribio) ya 8.8.8.8 ikajibu huku tovuti hazifunguki, basi ni DNS tu, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani: kwenye nafasi yake andika 1.1.1.1 na 8.8.8.8, hifadhi, kwisha. Simu ikijipa anwani ya 169.254, imekosa wa kuigawia, kwa hiyo angalia kama DHCP ya ruta, yule mgawaji wa anwani, imezimwa. Modemu na ruta zote zikijiita 192.168.1.1, ibadilishe ruta iwe 192.168.2.1, wasigombanie jina.

Na adapta! Ruta ya volti 12 ukiichomekea adapta ya volti 9 kwa sababu kichwa kimeingia, huenda ikawasha taa vizuri kabisa, halafu watu wanne wakianza kutazama video inajizima na kujiwasha. Mtalaumu mtandao wiki nzima. Zote nyeusi, zote nzito, zote maandishi yake ya kusomwa kwa darubini. Na yule aliyeichomeka kaitoa wapi? Kwenye ile droo. Kila nyumba inayo, ina chaja za simu zilizokwishakufa, rimoti isiyojulikana ni ya nini, betri mbili ambazo hakuna anayejua kama ni mpya au zimeisha, na jaribu tu kutupa kitu kimoja uone nani atasimama mlangoni akikuuliza, "Hiyo unaipeleka wapi?"