Wakulima wa mwani wasiitwe siku ya kukata utepe tu

Ukitaka kujua kama kiwanda kinawataka kweli wadau wake, tazama kimepanga kikao siku gani. Hapa Pemba mwani unapandwa na kuvunwa wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na vigingi vya kufungia mwani kuonekana. Bamvua ni mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku hizo mkulima huwa baharini. Ukiitisha kikao cha wadau saa nne asubuhi katikati ya bamvua, utawapata sheha, afisa wa wilaya, mnunuzi na vijana wawili wa kupiga picha. Wanaolima watakuwa majini hadi magotini. Kisha ripoti itaandikwa kuwa jamii imeshirikishwa.

Nasema haya kwa sababu Serikali imeichagua Chamanangwe, hapa Pemba, kujengea kiwanda cha kusarifu mwani, na naliunga mkono wazo lenyewe kwa mikono miwili. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kikaenea hadi Pemba, ambako leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar ndiko inakotoka. Muda wote huo tumekuwa tukiuza magunia ya mwani mkavu. Wenzetu wa nje ndio wanaotoa karajinani kwenye mwani huo, ile inayoshikisha dawa ya meno, aiskrimu na mafuta ya kupaka. Mkulima anahesabiwa fedha kidogo kwa kilo moja kavu, na kilo hiyo imetoka kwenye kilo 7 hadi 10 mbichi alizozibeba kichwani kutoka majini.

Wakulima hao wengi wao ni wanawake, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kiwanda kikitaka kudumu, na kikitaka ubunifu unaofanya kazi, kiwakalishe akina mama hao mezani kabla mashine haijaagizwa. Sisemi hivyo kwa ajili ya huruma. Nasema kwa sababu wao wanajua mambo ambayo mhandisi hayajui, na kutoyajua kuna gharama.

Chukueni mfano wa kotonii. Ndiyo aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko aina nyengine tunayolima, spinosamu, kwa hiyo kila mwenye kiwanda angeipenda. Lakini kotonii haistahimili joto. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata moto ikawa inageuka nyeupe, inalainika na kukatika, na sehemu nyingi wakulima wakaiacha. Wataalamu hawakukaa kimya. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, na wenzake, kupitia mpango wa klasta ya mwani (wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara) ulioanza mwaka 2006, walijaribu pamoja na wakulima nyavu zilizoshonwa kama mirija, mbegu inatiwa ndani, zinafungwa kwenye maji ya kina ambako kuna ubaridi. Mwani ukaota. Tatizo likawa jengine kabisa: kwenda huko kunataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wa akina mama hawana chombo wala hawakufunzwa kuogelea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ubunifu ulikuwa mzuri, na kilichobaki ni boti, mafunzo na nani atalipia. Maswali hayo hayajibiwi maabara.

Sabuni ya mwani nayo imepita njia hiyohiyo. Vikundi vya wanawake, kama vile vya Paje na Kidoti, vilianza kuusaga mwani na kutengeneza sabuni kwa kushirikiana na wataalamu. 

Najua wenye mitaji wana jibu lao. Wanasema ukimwuliza kila mtu hutojenga kitu, na bei haiwezi kupangwa kwenye mkutano wa hadhara. Kwa hilo la kwanza nawapa haki yao. Nimekaa kwenye vikao ambavyo watu mia walisema, hakuna aliyeandika, tukala wali tukaondoka. Vikao vya namna hiyo afadhali visiwepo. Hili la bei silikubali. Kwa miaka mingi mnunuzi amekuwa akimpa mkulima kamba na taitai (vikamba vya kufungia mbegu), na mkulima akilazimika kumuuzia yeye tu, kwa bei aliyoipanga yeye. Kiwanda kikirithi mtindo huo, kitapata mwani uliojaa mchanga. Mtu anayejua kuwa mwani msafi na mchafu unalipwa sawa, kwa nini ahangaike kuanika juu ya chanja? Muonyesheni kanuni ya bei: unyevu kiasi gani, mchanga kiasi gani, kilo inapanda kwa shilingi ngapi. Ubora utakuja wenyewe.

Halafu kuna maji machafu, jambo ambalo halizungumzwi kabisa. Kutoa karajinani kunahitaji maji mengi, na mara nyingi mwani huchemshwa kwa magadi makali. Maji hayo yataelekea wapi? Anayeokota chaza, anayechokoa pweza na mvuvi wa dema nao ni wadau, ijapokuwa hawauzi hata gunia moja la mwani. Sheria yetu ya mazingira ya mwaka 2015 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi. Basi tathmini hiyo isomwe kijijini kwa Kiswahili, na siyo kufungiwa kwenye jalada la kurasa mia tatu za Kiingereza.

Ombi langu kwa bodi yoyote itakayoendesha kiwanda hiki ni dogo. Mkiweka kiti cha mhasibu na cha mwanasheria, wekeni na viti viwili vya wakulima waliochaguliwa na wenzao, siyo walioteuliwa na ofisi. Wapeni makabrasha mapema, yaliyoandikwa kwa lugha wanayoisoma. Vikao viwe maji mafu, siku ambazo bamvua imepita na mkulima yuko nchi kavu. Na walipwe posho sawa na wengine.