Mama wa kolintang siyo msindikizaji

Hapo mliposema mama wa Kimeranaw (kabila la kusini mwa Ufilipino) anayepiga kolintang, yaani safu ya patu, anawasindikiza tu wanaume wa ngoma sikubali hata kidogo, ni kinyume kabisa, zile patu zake nane za shaba zilizopangwa safu ndo zinabeba melodi, wanaume na agong zao, patu kubwa za kuning'inizwa, wanamfuata yeye. Hapa Doha nafanya kazi na dada mmoja wa Marawi, mji wa Wameranaw, kanionyesha video ya harusi ya kwao, bibi kakaa mgongo wima, uso mkavu, fimbo anazizungusha hewani na hakosi upatu hata mmoja. Afu kuna wanawake wanaoimba bayok, yaani mashairi yanayotungwa papo hapo! Huku kwetu pwani wa kughani bila karatasi bado wapo?