Msimcheke Fredo Mbele Yangu

Tarehe 26 Desemba, siku ambayo barabara za Moshi hujaa magari yaliyotoka Dar es Salaam, nilikuwa Kibosho katika nyumba ya marehemu baba, ambayo sasa ni nyumba ya mdogo wangu wa mwisho, nikitazama sehemu ya pili ya The Godfather, ile filamu ya Kimarekani kuhusu familia ya mafia ya Corleone, pamoja na watoto wa kaka yangu. Machalari yalikuwa yameliwa, mbege ilikuwa inaelekea ukingoni, na nilikuwa na amani na kila mtu hadi pale Fredo Corleone alipojaribu kuinuka kitini akashindwa, na vijana watatu wakaangua kicheko kwa pamoja. Mmoja wao, msomi ambaye ada yake ya chuo nimewahi kuichangia, akasema: "Baba mdogo, huyu jamaa ni boya, hata kuigiza hajui."

Nilizima runinga. Najua haikuwa runinga yangu wala nyumba yangu, na mdogo wangu hakukosa kunikumbusha jambo hilo.

Huyo asiyejua kuigiza anaitwa John Cazale. Alizaliwa mwaka 1935 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na kabla ya kujulikana aliwahi kuwa tarishi katika kampuni ya mafuta, ambako alikutana na kijana mwingine mwenye njaa ya jukwaa aliyeitwa Al Pacino. Katika maisha yake yote alicheza filamu ndefu tano tu: mbili za The Godfather, The Conversation, Dog Day Afternoon na The Deer Hunter. Zote tano ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, na tatu kati yake zikaishinda. Yeye mwenyewe hakuteuliwa hata mara moja. Kwa ile sehemu ya pili waliyokuwa wakiicheka vijana wangu hawa wa mjini, waigizaji wa kiume watatu waliteuliwa kwa nafasi za usaidizi, yaani Robert De Niro aliyeshinda, Lee Strasberg na Michael V. Gazzo, na Cazale, aliyebeba maumivu yote ya hadithi ile mabegani, akarukwa kama Fredo alivyorukwa na baba yake.

Nadhani kosa letu lilianzia kwenye vibanda vya video. Mimi nililelewa na kibanda kimoja cha Majengo, chenye benchi za mbao na pazia la turubai, ambako kabla ya mkanda kuanza swali lilikuwa moja tu: steringi ni nani? Ukishamjua steringi, waliobaki walikuwa watu wa kupigwa, wa kuokolewa au wa kufa mapema ili steringi apate hasira. Tulitoka pale tukiwa na macho yanayomfuata mtu mmoja tu, na leo tunawapimia waigizaji wetu kwa kipimo hichohicho, tukiongeza idadi ya wafuasi wao mtandaoni. Mwigizaji anayejipunguza makusudi ili mwenzake aonekane, kwetu sisi amefeli mtihani.

Sasa turudi kwenye kile kiti, kwa sababu pale ndipo hoja yangu yote ilipokaa.

Ni chumba chenye madirisha makubwa kando ya ziwa, nje kuna theluji. Michael, anayeigizwa na Pacino yuleyule, mdogo mtu ambaye amekuwa mkuu wa familia, amesimama akiwa ameshikilia hasira yake kama mtu anayebeba chungu kilichojaa. Fredo amelala nusu kwenye kiti cha kuegemea, miguu mbele, kichwa nyuma, mkao ambao hakuna mtu mwenye heshima zake angeuchagua kwa ajili ya kujitetea juu ya tuhuma za usaliti. Mwigizaji mwingine yeyote angesimama. Angezunguka chumba, angepiga meza, angelia machozi yanayometameta kwenye taa. Cazale anabaki mlemle kitini. Anaanza kwa sauti ya mtu anayejieleza kwa bosi, kisha unaona kitu kikimpanda kutoka tumboni: kwamba yeye ni kaka mkubwa na akarukwa, kwamba maisha yake yote amekuwa mtu wa kutumwa huku na kule, kwenda kupokea wageni uwanja wa ndege, kuangaliziwa na mdogo wake. Hapo anapandisha sauti, anajinyanyua kwa kiwiliwili, mikono inapiga hewani, na kiti kinamrudisha chini. Mwili unataka kusimama kama mwanamume na samani inakataa. Hilo ndilo lililowachekesha vijana wangu, na kusema kweli lina kichekesho ndani yake, ila ni kichekesho cha aina inayopaswa kukukwama kooni kabla hakijatoka.

Tazama pia asichokifanya. Haombi huruma. Waigizaji wengi wakipewa mtu dhaifu humpaka asali kidogo ili tumpende, huku wakitukonyeza kwa pembeni kwamba wao wenyewe si wadhaifu hivyo. Cazale anamwacha Fredo awe mpumbavu kweli, mwenye wivu kweli, na anayestahili lawama, halafu anakuonyesha kwamba mtu huyu anajijua. Mtu dhaifu asiyejijua anatuchekesha tu, lakini anayejijua, na ambaye hana la kufanya juu ya hilo, ni vigumu hata kumtazama usoni. Katika filamu ya kwanza, baba anapopigwa risasi sokoni, Fredo anaibabaisha bastola hadi inamdondoka, kisha anakaa kando ya barabara na kulia kama mtoto. Ni sekunde chache tu, lakini kile kiti cha miaka ya baadaye kimeshaanza kuchongwa pale.

Nikiri kwamba nina maslahi binafsi. Mimi ni mtoto wa kati. Msomaji wa kwetu hahitaji kufundishwa: kwa mila yetu Wachaga kihamba, yaani shamba la ukoo, ni cha mzaliwa wa kwanza na cha kitinda mimba, huyu wa mwisho akibaki na nyumba ya wazazi, na sisi wa kati tunapewa baraka na nauli. Wana wa Corleone nao kwa mpangilio: Sonny, Fredo, Michael. Mmarekani anaweza kuona ajabu ufalme wa baba kuangukia kwa kijana wa mwisho, ila ukimweleza mzee yeyote wa Kibosho hatashangaa, atauliza tu huyo wa katikati alitafutiwa shamba wapi. Ndiyo sababu sijawahi kumwona Fredo kama Mwitaliano wa New York. Nimemwona harusini kwetu, amelewa mapema kuliko wengine, anamkumbatia kila mtu kwa muda mrefu kupita kiasi, na anapokwenda kusalimia wageni wakubwa kaka zake wanatazamana. (Mdogo wangu, kama unasoma, sina kinyongo kuhusu nyumba. Mti wa parachichi ndio tutauzungumza.)

Na ipo ile sehemu ya msiba wa mama yao. Kwetu, mtu akija na jani la isale kuomba msamaha, umekwisha. Huna ujanja wa kumkatalia. Fredo anakuja bila jani lolote, anaketi pale na uso wa mtu anayesubiri kuruhusiwa kuwepo, na Michael anapomkumbatia, yeye anamshika ndugu yake kama anayeshika gogo mtoni. Macho ya Michael yanamtazama, juu ya bega la kaka yake, mtu wake atakayemuua Fredo. Watu husifu macho yale ya Pacino, na wana haki, lakini macho yale yasingetisha hata kidogo kama mgongo wa Cazale usingekuwa umeamini kabisa.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba kelele nazo si dhambi. King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa na bado kila pozi lake lilikuwa limepimwa. Hata akinyamaza ulikuwa unacheka. Ninakubali pia kwamba Cazale alibahatika kuangukia mikononi mwa waongozaji kama Francis Ford Coppola na Sidney Lumet. Lakini bahati haikumwandikia jibu la Sal katika Dog Day Afternoon: jambazi wa benki anaulizwa ni nchi gani angependa kukimbilia, naye anajibu Wyoming, ambalo ni jimbo la hukohuko Marekani. Cazale alilitunga papo hapo, na alilisema kwa uso mkavu, kwa uzito wa mtu aliyelitafakari usiku kucha.

The Deer Hunter aliicheza akiwa tayari anaumwa saratani ya mapafu, hivyo vipande vyake vikapigwa kwanza. Meryl Streep, mpenzi wake, alimuuguza hadi mwisho. Alifariki Machi 1978 akiwa na miaka 42, kabla filamu haijaonyeshwa. Pacino, ambaye hana haja ya kumpamba mtu yeyote, amesema kwamba kuhusu uigizaji alijifunza mengi kwa Cazale kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo, mwanangu msomi, yule steringi wako aliyekuwa amesimama dirishani alikuwa shuleni, na mwalimu alikuwa yule aliyelala kwenye kiti.

Runinga niliiwasha tena baada ya nusu saa, baada ya shemeji kuingilia kati. Tulianzia pale kwenye kiti. Desemba ijayo tutaitazama upya, palepale kwa kitinda mimba, na nimeshatangaza kwenye kundi la familia kwamba atakayecheka Fredo akishindwa kuinuka ataosha sufuria zote za machalari peke yake, hata akiwa kaka yangu mkubwa.